KUTOKA MANOWARI MPAKA KAZI YA UOKOZI
(Hotuba kwa wanachama, Voi)



Watu hutuuliza, "Ninyi mlikuwa mabaharia wa manowari. Mwatafuta nini Voi, mahali pasipo bahari?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa Desemba 1964, na makao yake ni Mtongwe, Mombasa. Huko ndiko tulikojifunza kuzima moto kabla haujashika meli nzima, kuziba panapovuja, kumfunga majeruhi, kupeleka habari kwa redio, na kugawa maji na chakula kwa kipimo. Na msiba twaujua: tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka hapo hapo Mtongwe, wakafa watu 272.

Lakini misiba haikai baharini tu. Mwaka 1993 mafuriko yalivunja daraja la reli huko Ngai Ndethya, treni ya abiria ikatumbukia mtoni, wakafa watu zaidi ya 100. Mwaka 1999 treni nyingine ilianguka Tsavo, wakafa 32. Mto Lumi hufurika Taveta. Na kuanzia 2020 mpaka mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo; mahindi yakakauka, na ndovu wakawafuata watu kwenye maji.

Tulipoanza kazi hii tulikosea. Melini amri ni moja, na kila mtu hutii. Basi kijijini nako tukaamuru watu wapange mstari, tukagawa unga. Hatukumwuliza mzee wa mtaa wala akina mama ni nani aliyelala nyumbani asiyeweza kutembea. Magunia yakaisha, na bibi mmoja kipofu hakupata kitu. Jirani zake ndio waliotuambia, nasi tukaona haya. Tangu siku ile orodha husomwa mbele ya watu wote kabla gunia halijafunguliwa, na aliyesahauliwa hutajwa pale pale.

Sasa neno la chama. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama, ila Ibara ya 24 yaruhusu sheria kuipunguza haki hiyo kwa askari wa majeshi. Manowarini hatukuwa na chama. Leo haki tunayo, lakini wengi wetu twaingia kazini bila karatasi: siku ya kuamriwa sisi ni wafanya kazi, siku ya kulipwa sisi ni watu wa kujitolea. Mwenzetu mmoja aliumia mgongo akishusha magunia. Waliomtuma wakasema hawamjui. Na sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri awawekee bima wafanya kazi wake.

Kwa hiyo twaomba chama kidai mambo matatu: mkataba wa maandishi kabla mtu hajapanda lori, bima, na cheti kwa ujuzi tuliotoka nao jeshini.

Nasi hatuombi tu. Kila tawi litakalotuita, tutafundisha huduma ya kwanza na kuzima moto. Msiba ukifika Voi, wa kwanza kufika ni ninyi, si sisi.