Tongoni Si Pori Tupu: Hotuba kwa Watu wa Lusangi



Leo tunasema juu ya Kasongo-Tongoni. Jina lenyewe linaeleza: tongo ni mahame. Pale ulikuwa mji wa Tippu Tip. Pembe na watumwa vilitoka huko, vikapita Kabambare, vikavuka ziwa la Tanganyika hata Ujiji, mpaka pwani. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Leopold, chini ya Dhanis, waliushika mji huo.

Nani ameandika habari hizo juu ya jiwe? Mwaka 1921 Wabelgiji walifungua jengo kubwa la sanamu katika mji wa Bruxelles, kusifu ushujaa wa askari wao juu ya Waarabu wenye kuuza watumwa. Utumwa ulikuwa uovu, hatubishi. Lakini waliopigana upande wa Dhanis, wengi walikuwa Waafrika. Gongo Lutete aliyewasaidia, wazungu wenyewe walimpiga risasi mwaka huo huo. Halafu ukaja mpira wa kulazimishwa. Jiwe lile halisemi hayo.

Wengine kwetu wanasema: Tongoni ni mahali pa aibu, pafe. Sisi tunakataa. Katika kijiji kimoja wanakaa wajukuu wa waungwana na wajukuu wa waliofungwa kongwa. Wote wana haki ya kujua. Tukipaacha pafe, litabaki jiwe la Bruxelles peke yake kutueleza sisi ni nani.

Wandugu wa machimbo, ninyi mnajua: jiwe likiwa mahali pake, linaonyesha njia ya madini. Likitupwa kando, halionyeshi kitu. Ndivyo ushanga na vigae vya Tongoni. Wachunguzi wa mambo ya kale wamechimba pale, na habari yao ilichapwa mwaka 2020. Walisoma udongo, tabaka kwa tabaka. Anayechimba usiku kutafuta mali anararua kitabu kisichosomwa bado.

Basi tunaomba mambo matatu. Tusichukue tofali wala jiwe la pale. Ukikuta kitu cha zamani shambani, kiache mahali pake, umwite mkubwa wa kijiji. Na kila kijana mwenye kalamu akae na mzee wake, aandike anayosema, ya fahari na ya machungu.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulituletea bendera. Habari zetu tuziandike wenyewe.