Taa za Sola Zisiturudishe Dukani Kila Mwaka
Hotuba ya Mwenyekiti katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu, Kizota

Nawashukuru kina mama wote ambao kwa miaka kumi hawakuchoka kuleta hisa zao, mvua inyeshe, jua liwake. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii Mhazini ameshazisoma, na mimi sitazirudia. Nimeomba niseme jambo moja tu, nalo ni taa za sola za uani na bustanini. Jambo hili linakuja mbele ya mkutano mkuu, na ningependa kila mmoja apige kura akiwa analielewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, wapo wanachama wanaosema mkopo ni wa biashara, na taa haizai. Nawaheshimu, maana wanalinda sanduku letu lisichezewe. Lakini tuangalie maisha yetu wenyewe. Hapa Dodoma jua la mchana linakausha mchicha mara moja, kwa hiyo tunamwagilia jioni sana au alfajiri. Maji ya bomba mara nyingine yanafika usiku, na lazima mtu atoke akinge. Mboga za kupeleka soko la Majengo zinachumwa kabla hakujapambazuka. Kuku wanaibwa gizani. Choo kiko uani, na nge hapigi hodi. Sasa niambieni jamani, taa hiyo haizai kweli?

Wengine wanauliza, si umeme upo? Ni kweli upo, na tangu mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuingiza umeme kwenye gridi. Lakini kuvuta waya wa umeme mkubwa mpaka kwenye matuta yenye maji ni hatari kwa mama na mtoto. Umeme wa sola wa volti 12 ni mdogo, hauna hatari hiyo ya kumpiga mtu shoti. Tena hauli yuniti za LUKU, na mtaa ukikatika wenyewe unabaki.

Tatizo letu si sola. Tatizo ni namna tunavyonunua. Tumezoea zile taa ndogo za kuchomeka ardhini. Mwaka wa kwanza zinawaka mpaka asubuhi. Mwaka wa pili zinazimika saa tatu usiku. Mwaka wa tatu tunazitupa, tunakopa tena, tunanunua nyingine zile zile. Hiyo ndiyo bandu bandu inayomaliza gogo. Mimi nasema tuache kununua upya, tuanze kuboresha kile tulicho nacho, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza haina gharama. Osha paneli. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja sisi hapa hatuna mvua, na upepo unaleta vumbi kila siku. Paneli yenye vumbi ni kama dirisha lililopakwa matope. Futa kila wiki kwa kitambaa laini chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto. Usitumie mchanga wala majivu, yanakwaruza. Na taa iliyo chini ya mwarobaini iondoe kivulini, maana tawi moja tu linaweza kupunguza sana chaji ya siku nzima.

Hatua ya pili ni betri. Ukifungua taa nyingi za kuchomeka utakuta betri ndogo ya kuchaji, yenye umbo kama ya rimoti. Hiyo ndiyo inayochoka kwanza, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili. Taa yenyewe bado nzima! Soma kilichoandikwa ubavuni: kama ni volti 1.2, weka ya volti 1.2 ya kuchaji. Kama ni ya lithiamu ya volti 3.2 au 3.7, weka inayofanana nayo, usichanganye. Na betri ya redio isiyochajiwa usiitie kabisa, itavuja na kuharibu taa.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo tunayoiombea mkopo. Ni kuacha taa moja moja zenye vipaneli vidogo, na kuweka paneli moja juu ya bati, betri moja, kontrola moja, na waya unaokwenda kwenye taa zote. Faida yake ni kwamba kila kitu kinafunguka. Kikiharibika kimoja unabadilisha hicho kimoja.

Mimi nimesoma darasa la saba, na hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Tuseme unataka taa nne za LED za wati 3: mlango wa nyuma, choo, banda la kuku na bustani. Nne mara tatu ni wati 12. Usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Hizo ndizo wati kwa saa unazohitaji kila usiku.

Paneli ya wati 50 ukiihesabia saa tano za jua kali inatoa 250. Toa kama theluthi kwa ajili ya joto, vumbi na kinachopotea kwenye betri, unabakiwa na 165 hivi. Inatosha, na chenji inabaki.

Betri je? Gawanya 144 kwa volti 12, unapata ampea 12 kwa saa, yaani Ah 12. Lakini kuanzia Desemba mpaka Aprili kuna siku za mawingu, kwa hiyo weka akiba ya usiku wa pili, zinakuwa 24. Betri ya maji ya asidi haitaki kushushwa chini ya nusu, basi zidisha mara mbili, nunua ya Ah 50. Ya lithiamu inavumilia kutumika mpaka kama asilimia 80, kwa hiyo ya Ah 30 inatosha. Bei yake iko juu, lakini inaishi miaka mingi zaidi. Betri ya gari iacheni kwenye gari. Hiyo imetengenezwa kuwasha injini, siyo kukesha.

Yapo mengine madogo ambayo fundi asiyejali anayaruka. Paneli ielekee kaskazini, yaani upande wa Kondoa, na iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Waya wa kwenda mbali uwe mnene, wa 2.5, maana mwembamba unakula umeme njiani na taa ya mwisho inakuwa hafifu. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Betri ya asidi isikae chumba cha kulala, na ikifa isipasuliwe nyumbani, kwa sababu risasi iliyomo ni sumu kwa watoto. Taa iangalie chini, na rangi ya njano inavuta wadudu wachache kuliko nyeupe. Penye kupita watu kwa nadra weka taa yenye sensa, iwake mtu anapopita tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kazi hii siyo ya wanaume peke yao. Katika kijiji cha Tilonia huko India kipo chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa mwaka 1972. Kimefundisha wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao bibi wasiojua kusoma, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola kwa muda wa miezi sita. Hata Unguja, pale Kinyasini, wanawake wamefundishwa kazi hiyo hiyo. Kama bibi asiyejua kusoma ameweza, sisi wa Kizota tunashindwa nini?

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, mkopo wa taa utolewe kwa mtambo unaotengenezeka tu, siyo kwa taa za kutupa. Pili, tununue vifaa kwa pamoja, vyenye risiti na dhamana, ili tupate bei ya jumla na mahali pa kurudisha kibovu. Tatu, tuchague wanachama wawili wakajifunze ufundi wa sola, na kikundi kiwalipie.

Marejesho yatafuata katiba yetu kama mkopo mwingine wowote. Asiyerejesha hataachwa kwa sababu eti ni taa. Nalisema hili wazi mbele ya wageni, maana sanduku lenye kufuli tatu halikujazwa na mtu mmoja. Mkutano ukikataa, tutaheshimu. Lakini hata ukikataa, kesho asubuhi kila mama akaoshe paneli yake.

Haba na haba hujaza kibaba, nasi tumeliona hilo kwa miaka kumi.