Programu ya Bure Itamlisha Nani?

Kijana mmoja fundi wa simu hapa Kambarage, katika Manispaa ya Shinyanga, ameniuliza swali ambalo naona si lake peke yake. Yeye na wenzake wawili wameandika programu ya simu ya kutunza hesabu za wachimbaji wadogo wa dhahabu: nani kaleta mifuko mingapi ya mawe kwenye karasha, nani anadai mgawo wake, nani amekwisha kulipwa. Sasa wanataka kuanzisha kampuni. Mwenzao aliyesoma chuo akawashauri waifanye kuwa programu huria. Kijana akanijia mbio. "Mzee," akasema, "nikiigawa bure, mimi nitakula nini?"

Swali la haki hilo. Mtu amekesha miezi na kompyuta ya kuazima, umeme ukikatika anangoja, halafu anaambiwa kazi yake aiweke hadharani, kila apendaye aichukue. Lakini kabla ya kumjibu, tuelewane kwanza juu ya jambo lenyewe.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yaani maelekezo yote ambayo mtaalamu ameiandikia simu au kompyuta, yako wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kumpa mwingine, ilimradi afuate masharti ya leseni inayoambatana nayo. Simu nyingi tunazotembea nazo hapa mjini zinaendeshwa na Android, na msingi wa Android ni programu huria. Kwa hiyo kijana wetu kila anapofungua simu ya mteja anakula kwa jasho la watu walioacha kazi yao wazi, na hajapata kuwalipa hata senti moja.

Sisi watu wa pamba tusilishangae jambo hili. Mbegu ya UK91 ilizalishwa na watafiti wa Ukiriguru, kule karibu na Mwanza, ikalimwa na wakulima wengi wa Usukuma. Aliyepata fedha, kama alipata, hakuipata kwa kuificha mbegu. Aliipata kwa kulima, kwa kusafirisha, kwa kuchambua nyuzi kwenye jineri na kwa kukamua mafuta. Programu nayo ni vivyo hivyo: fedha iko katika kazi inayoizunguka. Kumfungia mteja, kufundisha watu wake, kuitengeneza inapokwama usiku, kuongeza kile ambacho mteja huyu anakitaka na yule hana haja nacho, kutunza taarifa zisipotee. Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilijengwa kwa biashara ya namna hiyo, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34.

Lakini Marekani ni mbali. Tutazame kwa jirani.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 nchi ile iliingia katika ghasia zilizoua watu zaidi ya elfu moja. Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari zake mtandaoni, aliomba wataalamu wajitokeze kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakawa miongoni mwa walioitikia, na katika siku chache tu chombo kikapatikana. Mwananchi alituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa mtandao, nayo ikaonekana kwenye ramani. Wakakipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Wangeweza kukifungia kabatini. Wakakiacha huria, na tetemeko lilipoiangamiza Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Januari 2010, watu waliokuwa mbali kabisa na Nairobi walikichukua wakakitumia kukusanya ujumbe wa simu wa waliohitaji msaada.

Ila tusidanganyane. Ushahidi ni shirika lisilo la faida, na lilikua kwa mkono wa wafadhili; mwaka 2009 Omidyar Network pekee iliahidi dola milioni 1.4. Kwa maoni yangu fedha ya mfadhili ni kama mvua za kwanza: zinaotesha, hazijazi ghala. Anayetaka kampuni asiige upande huo.

Kisa cha pili kinatuhusu zaidi na, kusema kweli, kinaniuma. Ipo kampuni inayoitwa Dimagi, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002. Programu yake kubwa ni CommCare, inayomwongoza mhudumu wa afya, kwa simu aliyonayo mkononi, amtembelee nani, amwulize nini na aandike nini. Programu hiyo ni huria. Na ilijaribiwa wapi katika siku zake za mwanzo? Hapa hapa Tanzania. Kwa kushirikiana na shirika la D-tree, kuanzia mwaka 2008 hivi, wahudumu wa afya wa Dar es Salaam waliibeba nyumba kwa nyumba. Utafiti uliofanyika nchini na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wahudumu walipokumbushwa kwa ujumbe mfupi, siku za kuchelewa kuwatembelea wateja wao zilipungua kwa asilimia 86. Mhudumu anayesema "kitufe hiki kinanichanganya" naye anaijenga programu, ingawa jina lake haliandikwi popote.

Leo kampuni hiyo inatumikia mashirika katika nchi nyingi. Maandishi ya programu yako wazi. Inachotoza ni ada ya kutunza taarifa kwenye mitambo yake, pamoja na mafunzo na utaalamu. Siilaumu hata kidogo, imefanya kazi yake. Ninachouliza ni kwa nini biashara ya huduma hiyo ikulie Cambridge, Massachusetts, isikulie Kambarage. Akili tunazo. Maandishi yako wazi kwetu kama yalivyo wazi kwao. Tulichokosa ni mteja wa kwanza anayelipa, na wa pili, na wa tatu.

Sasa nirudi kwenye dhahabu, maana hapo uhuria una faida nyingine ambayo kijana wetu hakuifikiria. Anayejua machimbo ya Geita na Kahama anajua ugomvi wa mgawo: mwenye leseni, mwenye shimo, mwenye karasha na wachimbaji, kila mmoja ana hesabu yake kichwani. Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya madini, la Geita likiwa la mwanzo, ambapo dhahabu hupimwa mbele ya macho ya serikali. Lakini kabla haijafika sokoni imekwisha kugawanywa porini. Ukimletea mchimbaji programu inayogawa fedha yake, halafu umwambie ndani hapaonekani, atakutazama kama anavyomtazama mwenye mizani isiyo na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Ikiwa huria, chama chao kinaweza kumwita mtaalamu mwingine akaikagua hesabu. Hiyo ni bidhaa ya kuuza.

Hapa niseme neno moja kwa mkazo. Kilicho huria ni programu. Taarifa za watu si huria. Nani kachimba gramu ngapi, na anakaa mtaa gani, ni mambo ambayo jambazi angeyalipia vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu vijana hawa tangu siku watakapomwandikisha mchimbaji wa kwanza.

Mtaji, je? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Tumezoea kuiona ikienda kwenye bodaboda na ufugaji wa kuku, nami sina ugomvi na kuku. Lakini sijaona mahali ambapo imekatazwa kwa watu wanaoandika programu.

Hata hivyo mkopo hauwezi kuchukua nafasi ya mteja. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka sehemu ya manunuzi ya taasisi, asilimia 30, iende kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Kisha unafungua tangazo la zabuni, kama moja nililolisoma karibuni la ofisi ambayo sitaitaja, ukakuta mwombaji anatakiwa awe na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Kampuni ya miezi minne itazitoa wapi? Afisa aliyeliandika angeweza kuigawa kazi ile vipande vitatu, akaomba programu ifanye kazi kwenye kata moja kwa miezi miwili, akalipa kwa kila kipande kilichokamilika. Tena programu ikiwa huria, vijana wakishindwa njiani ofisi haipotezi kitu kikubwa: maandishi inayo, inamwita fundi mwingine anaendelea pale walipoachia.