Agano la Mungu na Daudi, na Tumaini la Kanisa

Mada iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 7, chasimulia jinsi Mfalme Daudi, akikaa katika nyumba ya mierezi, alivyoona haya kwamba sanduku la Mungu limo hemani. Akakusudia kumjengea Bwana nyumba. Nabii Nathani alikubali shauri hilo, lakini usiku uleule alipewa neno jingine: Mungu ndiye atakayemjengea Daudi nyumba. Daudi alifikiri jengo. Mungu alinena juu ya uzao na ufalme wa milele. Mwana akikosa atarudiwa kwa fimbo, lakini fadhili hazitaondolewa kwake.

Wazee wa Buha, tangu Kibondo na Kasulu hata Buhigwe, wanacho kipimo cha kulipima agano hilo. Zamani mtu aliweza kupewa ng'ombe na mkubwa wake kwa desturi ya ubugabire. Aliyepewa alipata maziwa na ulinzi, naye akawajibika kumtumikia aliyempa. Utumishi ukikoma, ng'ombe aliweza kuchukuliwa. Agano la Daudi lafanana na desturi hiyo kwa kuwa laanzia kwa aliye mkubwa. Latofautiana nayo mahali penye uzito: mkosaji huadhibiwa, ila ahadi hainyang'anywi.

Hata hivyo ahadi hiyo ilijaribiwa vikali. Mnamo mwaka 587 kabla ya Kristo Wababeli waliuteketeza Yerusalemu. Mfalme Sedekia aliwaona wanawe wakichinjwa, kisha akapofushwa na kupelekwa Babeli kwa minyororo. Kiti cha enzi kikabaki kitupu. Zaburi ya 89 haikuficha jambo hilo: huanza kwa kuzisifu fadhili za Bwana, kisha humwuliza waziwazi ziko wapi fadhili alizomwapia Daudi. Hapo Kanisa hujifunza kwamba tumaini la kweli laweza kulia. Anayemnung'unikia Mungu kwa kumkumbusha ahadi yake bado anaiamini ahadi hiyo.

Buha nayo imeona viti vya enzi vikikoma. Heru ilikuwa na Mwami wake, na miongoni mwa watawala wake wa mwisho alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963. Heshima ya wazee hao ingalipo katika kumbukumbu, lakini hakuna anayengoja wokovu kutoka katika nyumba zao. Israeli nayo ingalibaki na kumbukumbu tupu, kama agano lingalikuwa la Daudi peke yake. Lakini mwenye agano alikuwa Mungu. Isaya aliona chipukizi katika shina la Yese lililokatwa. Na Luka, sura ya 1, yaeleza jinsi malaika alivyomwambia Mariamu kwamba mwanawe atapewa kiti cha Daudi.

Mwana huyo alivikwa taji ya miiba, akafa, akafufuka. Kwa sababu mauti haimtawali tena, ufalme wake hauhitaji mrithi. Ndiyo maana tumaini la Mkristo halitegemei serikali, mavuno, wala uimara wake mwenyewe. Katika ubatizo Mungu hutangulia kutoa, kama alivyotangulia kwa Daudi.

Nchi hii ya mpakani yajua thamani ya neno hilo. Mwaka 1972, na tena kuanzia mwaka 1993, watu wengi walivuka kutoka Burundi wakiwa wamepoteza nyumba na jamaa. Wengine walifika na mikono mitupu, ila na maombi yao. Usharika unaoamini agano la Daudi hauwezi kumwona mtu wa namna hiyo kuwa mgeni; Mfalme wake mwenyewe alikimbizwa Misri angali mtoto.

Kwa hiyo miaka 100 isihesabiwe kwa matofali na mabati pekee. Waasisi walitaka kumjengea Mungu nyumba, na ni jema. Lakini kilichoulinda usharika ni nyumba ambayo Mungu mwenyewe aliijenga: watu waliobatizwa, waliokosa, waliorudiwa, wasioachwa. Watoto waliopo leo wakabidhiwe ahadi hiyo kwanza, kisha funguo za jengo.

Amina.