MAZIWA YAKIKATAA KUGANDA

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Kikima)



Wapendwa, wengi wetu yametupata. Unachemsha maziwa, unayapoza, unatia maziwa lala kidogo ya kuanzia, na kesho yake yako vile vile. Hapo tunaanza kulaumu kibuyu, au jicho la jirani.

Maziwa hugandishwa na bakteria wema. Hula sukari iliyomo, wakatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo huyafanya maziwa yawe machachu na mazito. Lakini bakteria hawa hawawezi kushindana na penisilini. Tukitibu ugonjwa wa kiwele, dawa hutoka na maziwa na kuwaua hao pia. Kuchemsha hakuiondoi.

Katika kikundi kimoja tulichotembelea, maziwa ya akina mama wanane yalitiwa mtungi mmoja, yakakataa kuganda. Mmoja wao alikuwa ametibu ng'ombe wake juzi yake, akanyamaza kwa ajili ya karo. Hatukumhukumu, karo tunaijua. Lakini angesema, zingemwagika lita zake tatu tu. Aliponyamaza, zilimwagika za wote.

Je, kila maziwa yakikataa ni dawa? Hapana. Pengine uliyatia yakiwa moto mno, au ni baridi ya Julai hapa Mbooni. Weka kikombe cha maziwa ya jirani kando ya yako, mkianzia na maziwa lala yale yale. Yake yakiganda na yako yakikataa, shuku dawa. Lakini tusijidanganye: hata yaliyoganda yaweza kuwa na dawa kidogo. Hiyo humdhuru asiyepatana na penisilini. Tena viini vya magonjwa vikiizoea, siku mtoto akiugua haitamsaidia.

Basi tukubaliane hivi:

1. Muulize daktari wa mifugo siku za kusubiri, na uzihesabu tangu dawa ya mwisho.

2. Hata ukitibu chuchu moja, usiuze maziwa ya chuchu zote nne.

3. Yamwage shimoni. Usimpe ndama wala mbwa.

4. Mwambie mwenyekiti mapema. Na kikundi kisimwadhibu aliyesema ukweli, bali kimsaidie siku hizo asizouza.

Kumpenda jirani ni pamoja na kumwambia ukweli juu ya maziwa anayokunywa.

Mungu awabariki.