Jina la Faili Ofisini: Mada kwa Makatibu Muhtasi na Watunza Kumbukumbu



Katika ofisi nyingi zinazoandika barua zenye kichwa cha serikali, kuna faili liitwalo "JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA". Jirani yake ni "JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA 2", na la tatu limeongezewa neno "mpya". Hakuna aliyekaa akachagua majina hayo. Word, unapohifadhi waraka kwa mara ya kwanza, hupendekeza maneno ya mstari wa kwanza, na mwenye haraka hukubali. Likiwapo tayari faili la jina hilo kwenye folda, programu huuliza kama la zamani libadilishwe. Mwenye haraka hukubali tena, na dokezo la manunuzi la juzi limekwenda na maji.

Masijala ina dawa tangu zamani, nayo ni kumbukumbu namba. Kikwazo ni mkwaju. Namba kama AB/45/01/7 haipiti kwenye Windows, kwani mkwaju hutenganisha folda na folda. Pamoja nao zimekataliwa alama hizi: \ : * ? " < > |. Kwa hiyo ndani ya barua namba ibaki ilivyo, ila kwenye jina la faili tuandike AB-45-01-7. Kistari kinapita kila mahali.

Tarehe ianze na mwaka: 2024-03-07, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyoelekeza. Mkiandika miezi kwa maneno, kompyuta itaipanga kialfabeti: Agosti itatangulia Aprili, na Januari itakaa nyuma ya Februari. Atafutaye muhtasari wa kikao cha robo ya kwanza atapekua orodha nzima.

Mazoea yetu ya kuandika kichwa chote cha taarifa nayo yana gharama. Windows kwa kawaida huhesabu njia nzima, kuanzia herufi ya diski, kupitia kila folda, hadi mwisho wa jina, na ukomo wake ni herufi 260. "Taarifa ya Utekelezaji wa Majukumu ya Idara kwa Kipindi cha Robo ya Pili", likiwa ndani ya folda sita zenye majina marefu vilevile, linaweza kugoma siku ya kuhamishiwa kwenye diski ya akiba. "Taarifa-robo2" inatosha, idara na mwaka vimeshatajwa na folda.

Nililoona linapuuzwa kuliko yote ni siri. Mtu huweka nywila kwenye barua ya onyo, kisha huipa jina la mtumishi na kosa lake. Nywila hufunga yaliyomo. Jina hubaki wazi kwa kila anayefungua folda. Projekta ikiwashwa kikaoni, Word hufunguka na orodha ya nyaraka za karibuni, na ukuta mzima unasoma nani ameonywa kwa utoro na nani ameomba likizo ya matibabu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria hiyo, jambo hili ni aibu. Tumieni namba ya jalada la mtumishi.

Tena, Windows huficha viendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili, isipoelekezwa vinginevyo. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa duniani kwa barua pepe kikiwa na faili liitwalo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Wengi waliona TXT tu, wakadhani ni maandishi. Washeni uonyeshaji wa viendelezi: waraka wa kawaida wa Word huishia na .docx, na wa LibreOffice .odt. Kinachoishia na .vbs au .exe si barua, hata kikiitwa barua.

Kuhusu "MWISHO", "MWISHO KABISA" na "MWISHO KABISA wa bosi", napendekeza rasimu zihesabiwe v01, v02, na kuendelea. Nakala iliyosainiwa ikishaskaniwa iwe PDF yenye jina lilelile, bila v.