Korona Ilikwisha, Mgonjwa Hajapona

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo uketi, maana leo tunamzungumzia mgonjwa ambaye wengi humwita mvivu.

Mwaka wa 2022 nilimtembelea mama mmoja huku kwetu Umoja, orofa ya nne. Alikuwa mama mboga, mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Mwaka wa 2021 aliugua korona. Homa ikaisha baada ya wiki mbili hivi, akaona amepona, akarudi kwenye kibanda chake. Alifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu hakuweza kuinuka kitandani. Nilipomkuta, mwaka ulikuwa umepita na hali ni ile ile. Akifua shati mbili tu, kesho yake analala siku nzima. Moyo unamwenda mbio akipanda ngazi. Anasahau sufuria motoni.

Majirani walisema amerogwa. Wengine walinong'ona kwamba ana Ukimwi. Mumewe alisema anakwepa kazi. Alipoenda kituo kimoja cha afya alipewa dawa za maumivu, akaambiwa ana mawazo mengi. Na binti yake wa darasa la saba ndiye aliyekuwa akibeba mitungi ya maji hadi orofa ya nne, akifika shuleni amechelewa.

Mama, ugonjwa huu upo. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema dharura imekwisha. Lakini shirika hilo hilo lilikuwa limeshaeleza, Oktoba 2021, kwamba wako watu ambao miezi mitatu baada ya kuambukizwa bado wana uchovu, kukosa pumzi au usahaulifu, hali ambayo hudumu angalau miezi miwili na haielezeki kwa ugonjwa mwingine. Hata aliyeugua kidogo tu, bila kulazwa, anaweza kupatwa. Watoto pia.

Wala si korona peke yake. Ndugu zetu wa Pwani wanaikumbuka chikungunya ya mwaka wa 2004 kule Lamu na Mombasa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kukunjika, kwa jinsi viungo vinavyouma. Homa yake huisha kwa siku chache, lakini wako wanaoumwa na viungo kwa miezi, hata miaka.

Sasa, tufanye nini nyumbani? Fikiria tokeni za stima. Mgonjwa huyu anaamka na tokeni chache. Akipiga pasi, zimekwisha, na taa ya jioni hana. Tena wengi wao wakizidisha kazi leo, adhabu huja kesho au keshokutwa, ndiyo maana watu hawaoni uhusiano. Siku ya hatari zaidi ni ile anayojisikia vizuri. Anataka kufua nguo zote, kupiga deki, kwenda chama. Mzuie kwa upole. Akatie sukuma akiwa ameketi. Aoge ameketi kwenye stuli. Nguo zifuliwe kidogo kidogo, na apumzike kabla ya kuchoka, asingoje mpaka achoke. Usimwambie akimbie asubuhi ili apate nguvu; mwenye hali hii anaweza kuzidiwa kwa kulazimishwa mazoezi.

Maji ndiyo shida kubwa ya majumba yetu yasiyo na lifti. Hapo baba na vijana wa kiume wasaidie. Sioni kwa nini mtungi wa lita 20 uwe kazi ya msichana peke yake.

Mgonjwa akienda kituoni, nenda naye. Akiwa amechoka atasahau nusu ya maneno, na akijibiwa vibaya atanyamaza. Chukua daftari la mtoto, andika kwa wiki mbili: alifanya nini, alijisikiaje siku hiyo, na siku iliyofuata. Mpe muuguzi au daktari asome. Sisi wauguzi tunakosea pia tunapokuwa na foleni ndefu. Daftari hutusaidia kuona. Omba apimwe damu, sukari, presha, tezi ya shingo, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, kwa sababu uchovu una vyanzo vingi na baadhi yake vina tiba. Uchovu huu wa baada ya korona hauna dawa moja ya kuuponya, basi jihadhari na anayekuuzia chupa ya dawa ya elfu mbili. Lakini usingizi mbaya, maumivu na moyo kwenda mbio huweza kutulizwa, na wengi hupata nafuu polepole.

Kama ameajiriwa, hata kama ni kazi ya nyumbani, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini likizo ya ugonjwa: si chini ya siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Amjulishe mwajiri mapema, apeleke cheti cha daktari. Kama ni mtoto, zungumza na mwalimu wa darasa kabla hajachapwa jina la uvivu.

Msingoje kliniki akiumwa na kifua, akishindwa kupumua, akizimia, mguu mmoja ukivimba, au upande mmoja wa mwili ukilegea. Mkimbizeni hospitalini saa hiyo hiyo. Na akisema heri afe, msimwache peke yake, mpelekeni pia.

Yule mama wa Umoja sasa anauza mboga asubuhi hadi saa nne, ameketi, kisha dada yake anashika zamu. Mumewe ndiye anayebeba maji. Wiki ijayo tutazungumzia chanjo ya surua. Kwaherini.